Wimbo wa Kifo na Mnara wa Siloamu: Tafakari kutoka Matombo

Katika makala hii tunakusudia kuutazama wimbo mmoja wa muziki wa dansi, yaani "Kifo" wa Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, sambamba na Luka 13:1–5 na zaburi za maombolezo. Wako watakaouliza wimbo wa ukumbini una uhusiano gani na mimbari. Swali hilo ni la haki. Nasi tulikuwa nalo hadi Agosti 2019, tulipoitwa kuhubiri katika msiba huko Matombo, milimani Uluguru.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na idadi ya waliofariki hatimaye ikapita 100. Miongoni mwao walikuwamo vijana wengi, wakiwemo waendesha bodaboda. Taifa liliomboleza kwa siku tatu. Hata kabla matanga hayajaanuliwa, neno moja lilikwisha kuenea nchini: tamaa. Sisi nasi tulilibeba neno hilo hadi Matombo. Mbele ya jamaa waliokuwa wakimlilia kijana wao, tulifafanua kwa kirefu hatari ya kupenda mali. Hakuna aliyetupinga. Usiku vijana waliokaa nje kando ya moto waliwasha redio, na wimbo wa Remmy ukasikika. Mzee mmoja akawaagiza waizime kwa heshima ya mchungaji. Ndipo mama wa marehemu akasema kutoka ndani: "Baba Mchungaji, mtuwie radhi, uacheni uimbe. Huo ndio unaonisemea."

Kwa nini wimbo ulimsemea, na mahubiri yetu hayakumsemea? Remmy, aliyezaliwa Kindu, Kongo, na kufariki Dar es Salaam mwaka 2010, hakukieleza kifo; alikisemesha. Anakikabili kana kwamba ni mtu aliyesimama mbele yake, naye anakilaumu kwa kukosa huruma. Haulizi marehemu alikosa nini. Sifa hii si pambo la fasihi tu. Aliyefiwa hupewa nafasi ya kunena badala ya kufundishwa. Desturi zetu zinalijua jambo hili: watani msibani huruhusiwa kutamka yale ambayo wenye msiba hawawezi kuyatamka.

Biblia nayo inalijua. Katika Zaburi 13 mwimbaji anamwuliza Mungu mara nne ni hadi lini. Zaburi 88 inakwenda mbali zaidi: inaanza kwa kilio, na inaisha gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuona haya kuiacha hivyo. Sisi wahubiri ndio tunaokimbilia kuikamilisha. Rafiki za Ayubu nao walikuwa na mafundisho yaliyopangwa vizuri, lakini katika Ayubu 42:7 Mungu anatangaza kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, yule aliyelalamika.

Tukifika Luka 13, jambo linakuwa wazi zaidi. Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana. Kisha anawaita watubu. Ni akina nani? Si marehemu, wala si jamaa zao, bali wasikilizaji walio hai. Mahubiri yetu ya Matombo yaliugeuza mpangilio huo: tuliwahukumu waliokufa, tukawaacha walio hai, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza, bila kuguswa.

Huenda msomaji akasema kwamba kuchota petroli ni kitendo cha hiari, hali kuangukiwa na mnara si cha hiari. Hoja hii ina uzito, wala hatukatai kwamba kanisa lina wajibu wa kuonya. Lakini kama tunataka kuzungumzia toba, tuulize pia toba ya jamii ambamo dumu moja la mafuta linaonekana kustahili kuhatarishiwa uhai. Zaidi ya hayo, Morogoro inao wapendwa wengine waliochukuliwa na barabara. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyejipatia sifa akiwa na Morogoro Jazz, alifariki vivyo hivyo nchini Kenya mwaka 1979. Mji uliwalilia. Hatujapata kusikia mahubiri yanayochunguza walikosa nini. Basi inakuwaje uchunguzi huo uwaangukie waendesha bodaboda?

Hata hivyo uhakiki wetu ungekuwa nusu kama tungeusifu wimbo bila kuonyesha kikomo chake. Remmy anakisemesha kifo, na kifo hakijibu. Hakikufanya agano na mtu yeyote, hivyo hakiwezi kudaiwa ahadi. Mwimbaji wa zaburi anamlalamikia Mungu, ambaye alijifunga kwa neno lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo malalamiko ya zaburi, hata yale makali kabisa, ni tendo la imani. Wimbo unafungua kinywa cha aliyefiwa. Zaburi inakielekeza kwa yule anayesikia. Ni kweli kwamba baadaye Remmy aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili, lakini hatupendi kulitumia jambo hilo kuufuta wimbo wake wa awali. Unastahili kusikilizwa ulivyo.

Katika Hoja za Heidelberg za mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Usiku ule, aliyekiita kifo kwa jina lake alikuwa mwanamuziki. Mchungaji alikuwa amekiita somo la maadili.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa utumishi wa sharika wausome msiba kabla ya kuuhubiria. Wasikilize nyimbo zinazopigwa pale, wajue zinasema nini na zinaishia wapi. Ibada ianze na zaburi ya maombolezo, isomwe yote bila kurukwa mistari. Maonyo yana siku yake, na kaburi lililo wazi silo mahali pake.

Siku ya arobaini tulirudi Matombo. Tuliwaomba wafiwa radhi, tukaisoma Zaburi 88, kisha tukakaa chini pamoja nao bila kuongeza neno. Hatudai kwamba tuliirekebisha siku ile ya kwanza. Mama yule alilia kwa sauti, na safari hii hakuna mtu aliyemnyamazisha.