Fundi wa Ripita

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji. Umeme ulikatika, simu zikanyamaza, na mji wa watu kama nusu milioni ukawa hausikiki. Kisha mito Buzi na Pungwe ikafurika, mashamba yakageuka bahari.

Katika uwanda kama ule, redio ya upepo ya mkononi ya mwokoaji, yenye wati 5, haiendi mbali. Watu wawili waliosimama chini watasikizana kwa kilomita 10 hivi, na miti ikiwepo ni pungufu ya hapo. Lakini ukiweka ripita, mashine inayopokea sauti na kuirusha tena, kwenye kilima cha mita 200, redio zilezile zinafikia kilomita 60 kutoka kilimani. Kinachofanya kazi hapo ni kimo. Kwa sababu hiyo fundi mzuri huanza kwa kutazama milima, sanduku la ripita likiwa bado limefungwa.

Ripita ya kubebeka hutosha mgongoni mwa mtu mmoja, betri mgongoni mwa mwingine. Husikiliza kwa masafa mamoja na papo hapo kurusha ilichosikia kwa masafa mengine. Wapenzi wa redio wa Afrika, kwa mfano, huweza kuifanya isikilize kwenye megahezi 145.0 na kurusha kwenye 145.6. Ukisema hivyo inaonekana kazi nyepesi. Sasa fikiria: ugawe wati moja mara milioni, kisha kila kipande ukigawe tena mara bilioni. Kipande kimoja hicho ndicho sauti ya mtu aliye mbali, na ripita inapaswa kukisikia wakati yenyewe inapiga kelele ya wati 10 kwenye antena hiyohiyo. Ni kama kumsikia mtoto akinong'ona ng'ambo ya mto huku wewe mwenyewe unaimba.

Kinachowezesha hilo ni dupleksa, kichujio cha kutenganisha masafa hayo mawili: mikebe sita midogo iliyopangwa safu, kila mmoja na hesi yake. Hapa ndipo ninapowapenda mafundi hawa. Mtu anachuchumaa juu ya kilima, bisibisi mkononi, macho kwenye kipimo. Anazungusha hesi kidogo sana, chini ya robo mzunguko, anangoja, anarudisha nusu ya alichozungusha. Akigusa mkebe wa tatu, wa pili nao unataka kuangaliwa upya. Anarudi. Hafoki, hakimbii. Jua likipasha mikebe joto, anajua kwamba kipimo cha asubuhi huenda kisiwe kweli mchana, naye hupima tena.

Mgeni wa kazi hii hupenda kuongeza wati. Fundi mzoefu huzipunguza. Ripita ya wati 50 husikika hadi mahali ambapo redio ya wati 5 haiwezi kujibu, na mwokoaji aliye huko hubaki akiita bila kusikiwa, akidhani amepuuzwa. Tena betri huisha. Kulinganisha sauti na masikio ya mashine ni busara kubwa kuliko nguvu, na mimi naiheshimu kuliko kifaa chochote cha bei ghali.

Mlingoti wa antena ukishasimama na kamba zikishakazwa, fundi hushuka bondeni na redio ya mkononi, akijaribu kila kona watakakopita waokoaji. Mahali sauti inapokwaruza anapaweka alama kwenye ramani.

Nawe ukipewa redio hiyo siku ya shida, kumbuka jambo moja. Ripita huchukua kitambo kidogo kuamka baada ya kubonyezwa, na silabi ya kwanza huweza kumezwa. Kwa lugha yetu hilo ni hatari: "Hatutapita darajani" ikikatwa mwanzo, wa upande wa pili atasikia "Tutapita darajani". Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme.