Nyonga Ikivunjika, Damu Hutabiri Nini?

Mzee anapofikishwa hospitali akiwa amevunjika nyonga, ndugu zake huuliza atatembea lini. Daktari ana swali zito zaidi: je, baada ya siku 30 atakuwa hai? Sehemu ya jibu imo kwenye damu inayochukuliwa siku hiyohiyo. Ila kutabiri kifo ni jambo moja, na kukizuia ni jingine, na tafiti tatu zinaonyesha pengo hilo lilivyo.

Mwaka 2008, Maxwell na wenzake wa Nottingham, Uingereza, walichapisha mfumo wa alama uliotokana na wagonjwa 4,967. Walichambua taarifa za mgonjwa moja baada ya nyingine, kisha wakazipima zote kwa pamoja na kubakiza zile tu zilizoendelea kutabiri kifo hata nyingine zilipozingatiwa. Zilibaki saba: umri, kuwa mwanamume, himoglobini isiyozidi gramu 10 kwa desilita, kumbukumbu hafifu, kuishi katika makao ya wazee, kuwa na magonjwa mengine mawili au zaidi, na saratani. Umri hubeba hadi alama 4, na kila kigezo kingine alama 1. Jumla ni 10.

Himoglobini ndiyo pekee kati ya hizo inayotoka maabara. Huwa chini kwa sababu mfupa uliovunjika unavujia damu ndani ya paja, au kwa sababu figo zimechoka, lishe ni duni, au kuna ugonjwa ambao haujagunduliwa. Kwa hiyo namba hiyo moja hukusanya habari za maradhi mengi. Hata hivyo, uwezo wa mfumo mzima wa kutenganisha wagonjwa ulikuwa 0.719. Maana yake, ukichukua mgonjwa aliyefariki na mwingine aliyenusurika, mfumo humpa aliyefariki hatari kubwa zaidi takriban mara 72 kati ya 100. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko kubahatisha, lakini haitoshi kumhukumu mgonjwa mmoja.

Je, tukiipandisha himoglobini, tutaokoa maisha? Utafiti wa FOCUS, uliochapishwa mwaka 2011, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 2,016 wa Marekani na Kanada baada ya upasuaji. Kundi moja liliongezewa damu kila himoglobini iliposhuka chini ya 10. La pili lilisubiri ishuke chini ya 8, au dalili zijitokeze. Baada ya siku 60, waliofariki au kushindwa kutembea bila msaada walikuwa asilimia 35.2 katika kundi la kwanza na 34.7 katika la pili. Ile damu ya ziada haikubadili matokeo.

Troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, inaleta habari tofauti. Utafiti wa HIP ATTACK wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 2,970 katika nchi 17, ulilinganisha upasuaji wa haraka, takriban saa 6 baada ya utambuzi, na ule wa kawaida wa takriban saa 24. Kwa wagonjwa wote, vifo ndani ya siku 90 havikupishana sana: asilimia 9 kwa 10. Lakini uchambuzi wa baadaye wa wale waliofika na troponini ya juu ulionyesha vifo vya asilimia 10 kwa waliowahishwa, dhidi ya 23 kwa wengine. Hilo ni kundi dogo ndani ya utafiti mkubwa, na lazima lithibitishwe kwa utafiti wake wenyewe. Hata hivyo linatikisa desturi ya kuahirisha upasuaji kwa sababu tu moyo umeonyesha dalili za kuumia.

Kwa hospitali zetu, himoglobini inapatikana kwa kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Mfumo wa Nottingham, hata hivyo, usichukuliwe mzimamzima: kigezo cha makao ya wazee hakina uzito uleule pale ambapo wazee wengi huishi na watoto wao. Tuanze kuandika himoglobini ya kila mzee siku anayolazwa, tufuatilie hali yake siku ya 30, na tujenge alama zetu kutokana na wagonjwa wetu.