Tiba ya Tabia au Tiba ya Matendo?

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuipima istilahi moja inayozidi kuonekana katika maandishi ya afya, nayo ni "tiba ya utambuzi na tabia". Tiba hiyo, ambayo Aaron Beck aliiasisi nchini Marekani katika miaka ya 1960, humfunza mgonjwa wa sonona kuyapima mawazo yake na kuzirejea kidogo kidogo shughuli alizoziacha. Siku hizi hutolewa hata kwa mtandao: mgonjwa husoma maswali na mazoezi kwenye simu, peke yake. Hapo neno hubeba mzigo wote, kwa kuwa hakuna muuguzi wa kulifafanua.

Na "sonona" hatuna ugomvi. Neno hili, lililo ndugu wa "sononeka", huutenga ugonjwa na huzuni ya kawaida ya msiba, wala halimtii mgonjwa katika kundi la wenye kichaa. Wafasiri wakumbuke tu kwamba nchini Kenya hutumika zaidi "unyogovu".

Kasoro zimo katika jina la tiba. Kwanza, kutambua ni kujua kitu ni kipi: mtu hutambua sauti, hutambua sura. Kuyapima mawazo ni jambo jingine. Pili, na hili ndilo zito, mwambie mvuvi wa Mlingotini kwamba atapewa tiba ya tabia, naye atadhani amehukumiwa kuwa ana tabia mbaya. Mtu huyo hakuja kutubu, amekuja kutibiwa.

Aidha, maswali yenyewe yana hatari yake. Bagamoyo, mji ambao wengi hulieleza jina lake kwa "bwaga moyo", moyo ni kitu kinachoweza kulemewa. Mgonjwa wa huko aghalabu atasema moyo mzito, usingizi hauji, mwili umechoka, au "nina mawazo". Akiulizwa na simu kama ana huzuni, huenda akajibu hana, na tiba ikampita.

Jambo hili si la mwambao peke yake. Mwaka 1982 Arthur Kleinman alichapisha utafiti wake wa Hunan, China: kati ya wagonjwa 100 walioambiwa kuwa wana udhaifu wa neva, 87 walionekana kuwa na sonona. Wahamiaji wa Kichina katika Boston nao walionekana kutaja kwanza maumivu ya mwili. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliyeanzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, alilitumia neno la Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa walipata nafuu.

Kwa hiyo tunapendekeza "tiba ya mawazo na matendo". Huenda mtaalamu akapinga kwamba "mawazo" lina maana mbili, fikra na wasiwasi. Ni kweli, lakini maana hiyo ya pili ndiyo anayoingia nayo mgonjwa, na ya kwanza ndiyo tiba itakayomfunza. Hata hivyo, pendekezo letu lisisanifiwe mezani tu. Hatuna budi kulisomesha kwanza kwa wauguzi na wagonjwa wa Bagamoyo, Bunju na Kunduchi, kisha tuwaulize wamefahamu nini.