Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Gobore likishapigwa, dawa yake ya kwanza ni maji. Mafuta yanangoja. Asiyeijua kazi hii hushangaa, maana sote tumekua tukijua kwamba chuma na maji ni maadui. Lakini muulize mzee wa Mbinga aliyewahi kulinda shamba la mahindi dhidi ya nguruwe pori kwa bunduki ya kushindilia, yenye kibali chake, atakwambia kwamba anayekimbilia mafuta ndiye anayeua mtutu.

Sababu imo kwenye baruti. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa tangu enzi: sehemu 75 hivi za shura, 15 za makaa na 10 za salfa. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Nyingine hupaa na kuwa ule moshi mweupe mzito, nyingine huganda ndani ya mtutu, masizi yenye chumvichumvi. Chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani, na mafuta hayaziyeyushi. Ukizipaka mafuta umezifunika tu, nazo zitaendelea kutafuna chuma chini kwa chini. Maji huzimaliza papo hapo.

Mzee niliyemtazama akiifanya kazi hii, huko juu Umatengo, hakugusa maji wala kitambaa kabla ya kujiridhisha kwamba bunduki ni tupu. Alitumbukiza mdeki mpaka ukagota, akaubana kwa kidole gumba pale penye mdomo wa mtutu, akauchomoa na kuulaza kwa nje sambamba na mtutu. Ncha ilifika usawa wa kitundu cha fataki. Ingekuwa imeshindiliwa, ncha ingeishia njiani, kabla ya kitundu. Nimeona watu wenye silaha za kisasa zaidi wakilifanya jambo hilo kwa kuchungulia mara moja na kusema “haina kitu.”

Kisha akamimina maji ya moto yenye sabuni ya mche, kidogokidogo, mtutu ukiwa umefungwa tambara asiungue mkono. Yalitokea kitunduni meusi kama wino, yakinuka mayai viza. Hiyo ndiyo salfa. Akarudia. Yakawa ya kijivu, halafu yakawa maji. Maji ya moto yana faida ya pili: chuma hubaki na joto la kutosha kujikausha chenyewe, hata kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Vikafuata vipande vya shuka kuukuu kwenye ncha ya mdeki, kimoja baada ya kingine, na kila kilichotoka alikipeleka mwangani akakisoma pande zote mbili. Hakuharakisha. Kipande kilichoonekana kwangu ni cheupe, yeye alikitupa na kuchana kingine.

Mafuta yalikuja mwisho, na yalikuwa machache mno: matone ya mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, yakasambazwa mpaka chuma kikabaki na mng'ao tu. Mafuta mengi hubeba vumbi, huteremkia kwenye mbao na kuzilainisha, na tone likifika kwenye baruti bunduki haitalia. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kabisa. Alizeti iliyopakwa leo inateleza vizuri, lakini baada ya miezi inaganda na kunata, na mtambo unakuwa mzito kama umepakwa ulimbo. Mafuta ya taa yanafaa kulegeza kutu, ila hukauka na kuacha kinga hafifu.

Ule weusi wa bunduki ya kiwandani, unaopendeza machoni, mara nyingi nao ni kutu. Mafundi wa zamani waliiacha kutu nyekundu iote kwa makusudi, wakaichemsha majini ikageuka nyeusi, wakaipangusa, wakarudia mpaka chuma kikapata ngozi ya kukizuia kisiliwe tena. Anayekuja na msasa “kung'arisha” anaichuna ngozi hiyo. Heri bunduki nyeusi yenye mikwaruzo kuliko nyeupe inayometameta.

Mazingira ya Mkoa wa Ruvuma yana mtihani wake. Milima ya Umatengo inakaribia mita 2,000, na Juni asubuhi chuma huko ni baridi ya kuuma vidole. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na hewa ya Mbamba Bay ina joto na unyevu. Shuka na bunduki baridi mpaka ufukweni, utaiona ikitoka jasho pande zote, hata ndani ya mtutu usipoweza kuona. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari ya Kilwa au Lindi, lakini jasho hilo linatosha. Anayejua huiacha ipate joto la pale kwanza, ndipo aipanguse. Wala haiachi ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na chuma kikilala humo msimu wa mvua kinaamka na madoa.

Askari wa hapa wamepitia shule hiyo hiyo. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani bado walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, za baruti nyeusi, ambazo moshi wake uliwaumbua walikojificha. Wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, waliovuka Mto Ruvuma kuanzia 1964 walikuwa na silaha za Kisovyeti na za Kichina zisizotoa moshi wa namna hiyo, lakini fataki za risasi nyingi za zama hizo ziliacha chumvi karibu sawa na ya mezani. Kwa hiyo ni maji tena, kisha mafuta, na kazi kurudiwa siku tatu mfululizo. Kipande cha siku ya pili ndicho kisemacho kweli: kikitoka na rangi ya kahawia, jana hukumaliza.

Jeshini kuna kanuni nyingine: wote hawafungui silaha kwa wakati mmoja. Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, inaikumbuka. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake hana habari kwamba vita imeanza, Gwendolen ya Waingereza ilipotokea ziwani na kuishambulia kwa mzinga. Matengenezo yalikuwa ya lazima. Saa ndiyo iliyokuwa mbaya.

Utunzaji nao una mpaka. Gobore la kuchongwa kutokana na bomba la maji halifanywi salama na kitambaa chochote. Bomba halikuumbwa kuhimili mlipuko, na siku likipasuka linapasukia usoni. Mtutu uliochimbika kwa kutu ni vivyo hivyo: unapelekwa polisi, haupelekwi shambani.

Nilimuuliza mzee, akiangalia gobore la mtu mwingine, huanza kutazama wapi. Nilidhani atasema mtutuni. “Kwenye skrubu,” akanijibu. Vichwa vikiwa vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, haendelei kutazama.