Tone la Mwisho

Mama yangu aliuza mafuta ya kula Nyasura, Bunda, kwa kipimo. Kibati kikiinamishwa, mteja haondoi macho: "Kung'uta, mama." Naye hukung'uta mpaka tone la mwisho lianguke, kwa sababu ni haki ya mteja. Nimelelewa katika sheria hiyo.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza chuoni, kwenye kemia kwa vitendo, niliipuliza pipeti, mrija wa kioo wa kupimia. Ilikuwa imeshatoa sentimita za ujazo 25 za besi, ikabakiza tone nchani. Kuliacha niliona ni dhuluma. Mzee wa maabara akanishika kiwiko.

"Liache hilo, mwanangu. Aliyechora mstari wa pipeti alishalitoa kwenye hesabu. Gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa, basi."

Tangu hapo nikawa natazama mikono yake.

Alianza kwa kuosha. Bureti, mrija mrefu wenye mistari na koki chini, aliisuuza kwa asidi ileile itakayokaa ndani, maana maji yakibaki yataizimua. Chupa ya koni aliisuuza kwa maji yaliyokenekwa tu: ukitumia besi, itakayong'ang'ania kioo itaongeza kipimo bila kuandikwa popote. Alipojaza bureti aliondoa faneli, isije ikadondosha tone baadaye.

Uso wa asidi ndani ya bureti hubonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mzee aliweka karatasi nyeupe nyuma yake, akainama mpaka jicho likawa sawa na chini ya bonde lile, ndipo akasoma.

Besi ndani ya chupa ya koni ilipata matone mawili ya kiashiria, methili ya chungwa, ikawa njano. Mkono wa kushoto uliizunguka koki, wa kulia ukaizungusha chupa. Mwanzoni asidi ilikimbia. Kila ilipoangukia palitokea wekundu, ukafutika. Wekundu ulipoanza kuchelewa kufutika, koki ikabanwa. Tone, zungusha. Tone, zungusha. Tone la bureti ni kama sentimita ya ujazo 0.05, na hata hilo kwake lilikuwa kubwa. Alilining'iniza nusu yake, akaligusisha kwenye kioo, akalisukuma ndani kwa maji kidogo. Njano ikageuka chungwa, ikatulia hapo: asidi na besi zimetoshana.

Kwa ufundi huuhuu hupimwa uchachu wa maziwa, siki na ugumu wa maji. Mjerumani Karl Friedrich Mohr aliuandikia kitabu kizima mwaka 1855. Bureti imebaki kioo chenye mistari, na mkono ndio unaosema ukweli au uongo.

Yeye alipata sentimita za ujazo 24.30 za asidi, kisha 24.35. Mimi nilipata 24.90, 24.10 na 25.20. Mwenzangu wa meza alininong'oneza nipike majibu, niandike 24.30 nikapumzike. Mzee alisikia, wala hakufoka. Aliniongezea asidi.

"Andika ulichokiona. Halafu rudia."

Nilirudia mpaka wenzangu wakaondoka. Wiki ya tatu ndipo namba zangu mbili zilipokaribiana.

Likizo nilirudi Nyasura, nikasimama gengeni. Mama alikijaza kibati hadi ukingoni, akakimimina, akangoja uzi wa mafuta ukatike, akakung'uta. Nilitaka kumweleza habari za pipeti, nikanyamaza. Kibati chake hakina mstari uliolitoa tone la mwisho kwenye hesabu. Asipolikung'uta, atakuwa ameliiba.