Kongo gani?

Bandugu, niliangalia tena Finding Your Roots, ile emisioni ya Henry Louis Gates ku PBS, Marekani. Naipenda. Lakini kuna fasi moja inanisumbua: mgeni anasoma asilimia zake za ADN, na akikuta neno "Kongo", basi ameshafika nyumbani. Kwa mutu ambaye mababu zake walifungwa minyororo, hilo neno si muchezo. Lakini Kongo gani? Mipaka ya 1885 haimo ndani ya damu. Mashine inalinganisha ADN yake na ya watu wa leo waliopimwa tu. Sisi wa agronomia tunajua: linganisha muhogo wako na koleksio ya aina kumi, utapewa inayokaribia, hata kama wako haumo.

Nguvu ya emisioni iko ku makaratasi, kama sensa ya 1870, ya kwanza kuandika majina ya wengi waliotoka utumwani. Na ku orodha ya wanaofanana nawe: watoto wa ndugu wawili wanagawana karibu sentimorgani 850 za ADN. Huyo ni mutu, iko na bibi wa kuuliza. Ningekuwa ku montaji, asilimia ningezikata, dakika zake nimupe huyo bibi.