Jino Chini ya Sikio

Jeraha la kichwani mwa mtoto wa farasi mara nyingi hujieleza lenyewe. Anayefika zizini huona alama ya teke, msumari uliochomoza mlangoni au damu kwenye seng'enge, na kisa kinaishia hapo. Lakini lipo jeraha jingine lisilo na kisa. Ni tundu dogo kama punje ya mtama, ukingoni mwa sikio au chini yake kidogo. Halitoi damu. Hutoa ute mzito unaogandisha nywele za shavuni, hukauka leo na kulowa kesho, na halifungi hata likipakwa dawa mwezi mzima. Mtoto mwenyewe ananyonya, anakimbia, anarusha mateke, kana kwamba tundu hilo ni la mtu mwingine.

Tundu hilo si jeraha. Ni mlango wa jino.

Kiumbe kikiwa bado tumboni, taya na sikio hutengenezwa kutokana na sehemu zinazopakana. Mara chache chembechembe zilizokusudiwa kuwa gego hubaki nyuma, upande wa sikio, wala haziachi kazi yake kwa sababu zimepotea njia. Hujenga jino, lenye gamba gumu kama jino lolote, likiwa limeshikamana na mfupa wa panja. Kuzunguka jino hilo hufanyika kifuko chenye ngozi laini inayotoa ute, na ute ukijaa hutafuta njia ya kutokea. Ndiyo maana dawa ya kidonda haisaidii. Antibiotiki hulikausha tundu kwa siku kadhaa, mwenye farasi akafurahi, kisha shavu likalowa tena. Kwa kawaida hali hii hugunduliwa kabla farasi hajatimiza miaka mitatu, baada ya jamaa na majirani kupendekeza kila kilichopo kabatini.

Daktari wa mifugo anayeijua kazi yake hafungui mkoba kwanza. Huweka kidole chini ya sikio na kubonyeza taratibu, akilinganisha kulia na kushoto. Upande mmoja kidole huzama. Upande wa pili hukutana na kitu kigumu kisichosogea. Huuliza: lilianza lini, liliwahi kufunga, mtoto alizaliwa nalo? Hapo ndipo huomba picha ya eksirei, na katika picha jino huonekana jeupe na zito mahali ambapo jino halina haki ya kuwapo. Ugunduzi wote umetokana na kidole kimoja na maswali matatu. Fani nyingi zina vyombo vya kupendeza zaidi, lakini ni chache zinazodai usikivu wa namna hii, maana mgonjwa hawezi kusema panapouma wala tangu lini, na mara nyingi anayesema kwa niaba yake hakuwapo.

Fani hii ni kongwe, na farasi ndiye aliyekuwa mlangoni pake. Waarabu walimwita tabibu wa wanyama baytar, na katika karne ya 9 Ibn Akhi Hizam, aliyehudumu katika mazizi ya makhalifa wa Bani Abbas, aliandika kitabu juu ya upandaji wa farasi na matibabu yao. Huko Ufaransa, chuo cha kwanza cha utabibu wa wanyama kilianzishwa Lyon mwaka 1761 na Claude Bourgelat, ambaye mwanzoni alikuwa mwalimu wa kupanda farasi. Sotoka ilikuwa ikiteketeza ng'ombe wa Ulaya wakati huo, na ndiyo iliyoifanya serikali ikubali kutoa fedha. Miaka 250 baadaye, mwaka 2011, ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Mpaka sasa ndui tu, kwa upande wa binadamu, ndiyo iliyowahi kupata tangazo la namna hiyo.

Kichwa cha farasi kinastahili tahadhari kwa jinsi kilivyojengwa. Juu ya paji la uso na mifupa ya pua ngozi imelala karibu moja kwa moja juu ya mfupa, bila mto wa nyama. Mfupa wenyewe ni mwembamba, na nyuma yake mna vyumba vya hewa ambamo mizizi ya magego ya juu imejichimbia. Mpasuko unaoonekana wa ngozi tu unaweza kuwa umefungua chumba kimojawapo. Shavuni hupita mshipa wa fahamu unaoendesha mdomo na pua, karibu sana na ngozi, kiasi kwamba kamba iliyokazwa vibaya inaweza kuuumiza na mdomo ukapinda. Chini ya fuvu, mfupa wa kisogo na ule ulio mbele yake haijaungana kabisa katika umri mdogo. Mtoto anayeinuka kwa miguu ya nyuma na kuanguka chali anaweza kuvunjika hapo, pasipo hata mchubuko wa kuonekana. Damu au maji maangavu yakitoka sikioni au puani, kichwa kikilala upande mmoja, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au mtoto akizunguka duara, basi kidonda cha nje kimekuwa jambo dogo.

Kichwa hicho hicho kina neema moja. Kina damu nyingi, kwa hiyo hupona haraka na vizuri, tofauti na mguu chini ya goti, ambako kidonda cha farasi huota nyama ya ziada na kukaa miezi.

Mtoto si farasi mdogo tu. Siku za mwanzo moyo wake hupiga kati ya mara 80 na 100 kwa dakika, ilhali wa mkubwa aliyetulia hupiga 28 hadi 44. Daktari aliyezoea wakubwa tu anaweza kuogopa bure. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 37.2 na 38.9. Huzaliwa karibu bila kinga yoyote mwilini, kwa sababu kondo la farasi haliruhusu kinga za mama kupita, na hutegemea dang'a anayoinyonya katika saa za kwanza. Baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea kinga hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mtoto wa siku mbili mwenye jeraha kichwani huenda lisihusu jeraha: je, alinyonya, na saa ngapi?

Jibu wakati mwingine limeandikwa usoni mwake. Mtoto mzima husimama ndani ya saa moja hivi na kunyonya ndani ya saa mbili, kisha hurudi kwenye chuchu mara kadhaa kila saa. Aliyeumia ubongo, au aliyedhoofika, husimama chini ya mama yake kama wenzake lakini hashiki chuchu, na maziwa yanayochuruzika humdondokea. Michirizi ya maziwa iliyokaukia kwenye paji la uso, pamoja na kiwele cha mama kilichojaa hadi kinavuja, humwambia tabibu kwamba hatari iko mbele kuliko kidonda. Ni jambo ambalo mtu angelifuta kwa kitambaa akidhani anamsafisha mtoto.

Punda huzidisha ugumu. Lamu, ambako punda ndio wabebaji wa mchanga, mawe na saruji katika vichochoro visivyopitika kwa gari, kumekuwa na kliniki ya punda inayotibu bila malipo tangu 1987. Wanaowatibu wanyama hawa wanajua kwamba punda huficha maumivu: hasimami kulia, hajigaragazi, huinamisha tu kichwa na kupunguza kula. Mwanapunda aliyetulia mno kwa hiyo huchunguzwa upesi kuliko yule anayepambana.

Mwenye mnyama naye ana sehemu yake katika fani hii, nayo huanza kabla daktari hajafika. Mama na mtoto hawatenganishwi. Mtoto hushikwa kwa mkono mmoja mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, huku mama akimwona. Damu ikitoka, kitambaa safi hukandamizwa kwa dakika kadhaa bila kuchunguliwa kila mara. Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye gramu tisa za chumvi kwa lita moja, kiasi kinachokaribia chumvi ya damu yenyewe. Majivu, oili chafu ya gari na spiriti havitiwi, kwani huua nyama iliyokuwa inajaribu kupona na kumfichia daktari alichokuja kukitazama. Dawa za maumivu za binadamu hazitolewi: tumbo na figo za mtoto wa farasi huharibiwa kwa urahisi na dawa za kundi hilo hata zile zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi, zikizidi kipimo. Picha ya simu iliyopigwa kabla ya kuosha na nyingine baada ya kuosha ni msaada mkubwa kwa daktari aliye mbali.

Si jino peke yake linalojifanya jeraha. Jipu la chini ya taya likipasuka hufanana na mchomo, kumbe ni ugonjwa wa majipu ya koo unaoenea zizi zima kwa ndoo ya maji, na mgonjwa hutengwa siku hiyo hiyo. Kidonda cha kwenye kona ya jicho kinachokataa kupona wakati wa nzi wengi, chenye chembe za manjano kama vipande vya mchele, hutokana na mabuu ya minyoo ya tumboni ambayo nzi wameyaacha mahali pabichi. Mstari mbichi unaovuka pua ni hatamu iliyosahauliwa: kamba ilibaki na kipimo chake, kichwa kikakua, na ngozi ikaanza kuimeza. Na jeraha la meno, ambalo hakuna aliyemwona aliyeng'ata, hushikwa kwa glavu mpaka kichaa cha mbwa kiondolewe katika orodha ya shaka.

Juu ya yote kuna pepopunda. Kiswahili kimemweka punda ndani ya jina la ugonjwa huu, na farasi ndiye anayeongoza kwa kudhurika nao miongoni mwa wanyama wa kufugwa. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, navyo hustawi pasipo hewa, kwa hiyo tundu dogo la msumari ni hatari kuliko mpasuko mpana. Dalili huanzia kichwani: masikio yakasimama wima, taya likakaza, kope la tatu likafunika jicho kila mnyama anaposhtuka. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo alifanikiwa kuvikuza vijidudu hivyo peke yavyo mjini Berlin, na mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring wakaonyesha kwamba kinga dhidi ya sumu yavyo inaweza kuhamishwa kwa maji ya damu. Tangu hapo farasi waligeuzwa kuwa chemchemi ya kinga hiyo, na askari wengi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliojeruhiwa waliokolewa kwa maji ya damu ya farasi. Deni hilo halijawahi kulipwa ipasavyo. Jike anayechanjwa wiki chache kabla ya kuzaa humpa mtoto wake kinga hiyo katika dang'a. Mtoto ambaye mama yake hakuchanjwa huchomwa kinga iliyo tayari siku ile ile ya jeraha.

Matibabu yenyewe huonyesha mkono ulivyofunzwa. Nywele za kuzunguka kidonda hunyolewa baada ya kidonda kujazwa jeli ili zisidondokee ndani. Maji ya chumvi hurushwa kwa bomba la sindano, kwa nguvu inayotoa uchafu bila kuusukuma ndani zaidi. Kipande cha kope kinachoning'inia hakikatwi hata kikionekana kimekufa, kwa sababu hakuna ngozi nyingine mwilini inayoweza kuifanya kazi yake. Hurudishwa na kushonwa kwa nyuzi nyembamba, na fundo huwekwa mbali na jicho lisije likalikwaruza.

Jino la sikioni hudai zaidi. Farasi hulazwa kwa dawa ya usingizi, njia ya ute hufuatwa hadi mwisho wake, na jino hung'olewa kutoka katika mfupa ambao upande wake wa pili kuna ubongo. Patasi ikisukumwa kupita kiasi fuvu hupasuka. Kisu kikienda pembeni mdomo hupooza. Kipande cha kifuko kikibaki, ute hurudi. Daktari anayeijua hatari hii huchora njia yake kwa picha kabla ya kukata, na asiye na vyombo wala uzoefu humpeleka mgonjwa kwa mwenye navyo. Kwa kuwa jino lenyewe halimtesi sana farasi, upo pia uamuzi wa kuliacha na kusafisha shavu tu, na daktari mwaminifu huutaja uamuzi huo mbele ya mwenye mali hata kama mkono wake unatamani kazi.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kwa muda huo mtoto hukaa na mama yake mahali pasafi, nzi wakifukuzwa, na kipimajoto kikitumika asubuhi na jioni. Kovu hufunikwa na nywele polepole, na juu yake mara nyingi huota nyeupe, hata kwa farasi mweusi.